Karatasi ya Krismasi

Krismasi ilipokaribia, Mzee Candia aliwapanga wafanyakazi wa kinu chake cha kusagia posho, unga wa mahindi, mlangoni, akampa kila mmoja mche wa sabuni, pakiti ya chumvi na karatasi kubwa iliyoviringwa kama bomba. Karatasi yenyewe ilikuwa nzito, inang'aa. Watu wa mtaa wa Oli wanajua thamani ya karatasi ya namna hiyo. Majira hayo kila mwanamke husiliba upya kuta za nyumba yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na asiye na kitu cha kubandika ukutani hubandika hata magazeti aliyofungiwa nyama. Wafanyakazi walipiga makofi. Betty, mpepetaji wa mahindi, alisema kwa sauti, "Mzee, Mungu akuongeze kinu kingine." Mzee alikuwa nacho tayari, kule Koboko.

Hakuna aliyeuliza karatasi zimetoka wapi. Zilitoka serikalini. Ziliagizwa zitundikwe pale watu wanapofanyia kazi, ili kila mfanyakazi azione akiingia na azione akitoka. Mzee Candia alizipokea bunda zima kwa mikono miwili, akatia saini, akaziegemeza nyuma ya mlango wa ofisi mpaka panya walipoanza kuzionja. Kinu kina vumbi, alisema, kitu kizuri kama hiki kitaharibika bure. Basi akawapa watu wake sheria yao kama zawadi, nao wakamshukuru.

Kiden, ambaye mumewe Lado ndiye aliyelisha mashine ya kinu mahindi, aliibandika ya kwao juu ya kitanda kwa uji mzito wa muhogo. Mama mkwe wake, Elena, alisimamia kazi kwa kidole.

"Inua kushoto. Si kushoto hiyo, kushoto ya mimi."

Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya mwanamume wa afya, kofia ngumu ya manjano kichwani, glavu mikononi, amesimama kando ya mashine ambayo mkanda wake umefungiwa ndani ya wavu wa chuma. Chini yake maandishi, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kilugbara. Nyumba ile ilisema Kikuku, lugha ya kwao, na Kiswahili. Elena alimtazama mtu yule kwa muda.

"Huyu anakula," alisema. "Angalia shavu."

Wakamwita Bwana Kofia. Mgeni akija alionyeshwa Bwana Kofia. Watoto wakigombana waliambiwa Bwana Kofia anawaona. Kusoma maneno yake hakukumjia mtu akilini. Kiden hakupita shule. Lado alikuwa amefika darasa la saba huko kwao Kajo-Keji kabla vita havijawavusha mpaka, na tangu hapo alichosoma ni maandishi ya magunia.

Mvua zilipoanza wakawa wanapikia ndani. Moshi ukapanda kuta taratibu, mpaka nyumba ikawa na rangi ya kitako cha sufuria.

*

Mkanda wa kinu cha Mzee Candia ulikuwa na tabia ya kuteleza. Kifuniko chake kiliondolewa zamani. Fundi alisema injini inakosa hewa, na kikapelekwa Koboko kuwa mlango wa banda la kuku. Mkanda ukiteleza, Lado aliurudisha kwa kijiti huku unazunguka, maana kuzima mashine na kuiwasha tena ni kumaliza dizeli, na dizeli ni ya Mzee. Amri hiyo haikuandikwa popote. Watu wote waliijua kwa moyo.

Jumanne moja ya Agosti kijiti kilikatika.

Isa, msimamizi wa mashine, ndiye aliyemleta nyumbani kwa boda baada ya kupitia kwa daktari. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki kinuni. Daktari aliosha, akashona, na Kiden alipokwenda kumwona akamwambia wazi kwamba nyama ya kiganja imesagika na lazima mkono upasuliwe tena, mapema. Kidonda kikioza kitapanda, na kikipanda watakata kwenye kifundo. Kisha akamtajia gharama. Kiden aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Alichokielewa ni kwamba wakiuza kitanda, baiskeli na mbuzi, na kumweka Elena rehani juu yake, bado pesa hazitafika.

Akaenda kwa Mzee Candia. Akaambiwa Mzee yuko Koboko. Gari la Mzee lilikuwa limesimama uani, linaoshwa. Akakaa kando ya ukuta karibu na mbuzi, akangoja mpaka jua likahama. Mwishowe msichana wa jikoni akatoka na pakiti ya dawa za maumivu.

"Mzee anasema pole."

"Si yuko Koboko?"

Msichana aliangalia chini. "Amesema kutoka huko."

*

Lado aliweza kulala ubavu mmoja tu, uso ukiuelekea ukuta. Siku nzima aliangaliana na Bwana Kofia. Siku ya pili akaanza kuchezesha midomo.

"Kiden. Huyu iko na maneno."

"Anasema nini?"

"Ngoja. Kiingereza yangu iko ya zamani." Alirudi mwanzo wa mstari kama mtu anayerudi kuchukua mzigo. "Inasema mutu akiumia kwa kazi, mwenye kazi atapeleka habari kwa afisa wa kazi. Na dawa, na hospitali, yote iko juu ya mwenye kazi. Na fidia."

"Mwenye kazi ni nani?"

"Candia."

Elena aliacha kuchambua mboga. "Huyu mtu amekaa hapa tangu Krismasi, anakula moshi yetu, na hakusema?"

"Alisema, mama. Sisi hatukusikia."

"Na hii?" Kiden aliweka kidole kwenye wavu wa chuma pichani.

"Inasema mkanda lazima ikae ndani ya nyumba yake." Lado alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, kicheko kikamuuma mkono. "Umeona? Mkanda iko na nyumba yake. Sisi tunapanga."

Kiden hakucheka. Alikuwa anaangalia bandeji. Harufu yake ilikuwa imebadilika.

*

Jumapili baada ya ibada Mzee Candia alikuja mwenyewe, na koti, na sukari, na dereva aliyebeba gunia la posho. Alipewa kiti kimoja kilichokuwepo. Akakaa kando ya kitanda, mgongo kwa ukuta.

"Pole, Lado. Pole sana, kijana yangu. Mungu iko."

"Iko, Mzee."

"Mimi nimekuja kama baba. Sasa sikia. Watu watauliza. Sisi tutasema ulianguka na boda. Boda inaangusha watu kila siku, hakuna atakayeshangaa. Mambo ya ofisi-ofisi tuache. Mkono ikipona, kazi yako iko. Posho hii hapa. Ikikwisha, mama atakuja, nitaongeza."

"Na hospitali, Mzee?" Kiden aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimesema nitasaidia."

"Lini?"

"Mama, mimi naongea na mwanamume."

Lado hakuwa mjanja, na alichosema hakukisema kwa ujanja. Alidhani mzee wa watu amesahau alichowapa, na mtu aliyesahau hukumbushwa kwa adabu.

"Lakini Mzee, karatasi yako inasema ingine."

"Karatasi gani?"

Lado aliinua mkono uliofungwa, akaelekeza. Mzee Candia aligeuka. Bwana Kofia alikuwa juu ya kichwa chake, anatabasamu.



"Hii mmetoa wapi?"

"Si wewe ulitupa? Krismasi. Na sabuni."

"Na chumvi," Elena akasema. "Chumvi ilikwisha."

Mzee Candia alisimama, akafunga kifungo cha koti. Sukari aliiacha. Gunia la posho lilirudi garini.

*

Kesho yake Kiden akiwa sokoni, Isa alikuja na kisu kipana cha kukwangulia unga. Kinu kizima kilikuwa kimeambiwa asubuhi: karatasi zote zirudi kazini, na asiyerudisha asirudi na yeye.

"Kaka, usinione vibaya," Isa alimwambia Lado, akipanda kitandani na viatu mkononi. "Hata ya kwangu nimetoa."

Lado alijaribu kuinuka. Isa alimrudisha kwa kiganja kifuani, polepole, kama anavyolazwa mtoto.

"Isa," Elena alisema, "wewe umekula nyumba hii."

"Nimekula, mama. Hata kesho nataka kula."

Akakwangua. Uji wa muhogo ulikuwa umeshika sawasawa, Bwana Kofia akatoka vipande vipande, kofia peke yake, shavu peke yake. Isa aliviokota vyote akavitia mfukoni. Jioni, nyuma ya ofisi ya kinu, karatasi za watu zilichemsha chai. Na kutoka stoo ya Koboko ikaletwa moja mpya, ambayo haikuwahi kufunguliwa, ikapigiliwa misumari kando ya mlango wa kinu.

Kiden alirudi akaukuta ukuta ulivyo. Alimnusa Lado mkono, akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda mjini kwa miguu kuuliza afisa wa kazi anakaa wapi.

*

Afisa aliitwa Scovia, mwanamke wa makamo, viatu vyake vimeliwa visigino upande mmoja. Alimsikiliza Kiden bila kumkatiza. Kinu cha Candia kilikuwa hakijaleta habari ya mtu kuumia.

"Karatasi iko wapi sasa?"

"Wametoa."

"Mashahidi?"

"Watu wanafanya kazi kwake, madam."

Scovia alipumua kwa pua. Kesho yake alikwenda kinuni, Kiden nyuma yake.

Mzee Candia alimpa Scovia kiti na soda. Kiden hakupewa kitu, akasimama na jua lake. Kinu kilizimwa ili wasikilizane, kumbe kinazimika. Mkanda ulikuwa umevishwa kifuniko cha wavu, na kwenye kona ya wavu huo kulikuwa na manyoya ya kuku.

"Madam, sheria iko mlangoni," alisema Mzee. "Tangu mwaka jana. Yeye anajua Kiingereza, amesoma, amedharau, ameingiza mkono mwenyewe. Sasa kosa ni ya nani?"

Scovia aliwageukia wafanyakazi. "Karatasi hii ilikuwa hapa?"

Waliangalia mahindi.

"Wewe mama?"

"Mimi napepeta," Betty alisema. "Naangalia mahindi tu."

"Na wewe?"

"Iko hapa, madam," Isa alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu... iko hapa."

Kiden alisikia sauti yake ikitoka kabla hajaituma. "Haikuwa hapa. Ilikuwa kwetu, juu ya kitanda. Watu yote walipewa Krismasi, wakabandika nyumbani."

Mzee Candia alicheka kwa upole, kicheko cha mtu anayemwonea mtoto huruma. "Madam, unasikia? Mimi nichukue sheria ya serikali nifanye pambo ya nyumba ya mkimbizi?"

Baadhi ya wafanyakazi walicheka pia, maana mwenye kinu akicheka hucheka na watu wake. Betty alikuwa mmoja wao. Kiden alimwona.

Scovia aliweka soda chini, haijafunguliwa. Aliuendea mlango, akang'oa misumari kwa funguo zake, akaishusha karatasi. Nyuma yake ukuta ulikuwa na ganda lile lile la unga na masizi kama kuta nyingine zote, na utando wa buibui ulionyooka kutoka kona hadi kona, mzima, na mwenyewe buibui amebanwa katikati. Scovia aliutazama utando. Akamtazama Mzee.

"Naazima hii," alisema, akaiviringa.

*

Nyumbani kwa Lado hakukuwa na haja ya kuonyeshwa. Kuta zote nyeusi kwa moshi wa mvua nzima, na juu ya kitanda pahali peupe, penye rangi ya udongo wa Desemba, pembe nne zilizonyooka. Scovia alivua viatu, akapanda kitandani, akaifungua karatasi ya kinu akaiweka pale. Ilikaa ukingo kwa ukingo.

"Amerudi," alisema Elena.

Scovia hakutabasamu. Alimwangalia Lado, akainama, akaunusa mkono kama alivyofanya Kiden, akakunja uso. "Nyumba moja haitoshi. Atasema mliiba, au mlikuwa na kalenda. Nipate nyumba nyingine."

Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka kazini. Habari zilikuwa zimetangulia. Mstari mzima wa nyumba ulikuwa umefungwa milango, na ndani ya milango watoto wanaambiwa wanyamaze.

Betty alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alifungua kidogo, akasimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono huku.

"Mama Jale," alisema. Jale ni mtoto wa kwanza wa Kiden. "Mimi niko na watoto. Baba yao hayuko. Unajua."

"Najua."

"Leo nilicheka. Uliniona."

"Nilikuona."

"Nikisema neno moja, kesho mimi niko nje."

Kiden alikuwa amekuja na maneno mengi. Alitaka kumkumbusha usiku wa homa ya mtoto wake, ni nani aliyembeba. Alitaka kumwambia kwamba leo ni mkono wa Lado, na mkanda haujui jina la mtu. Akayaona yote yamechoka kabla hayajatoka.

"Usiseme," alisema. "Usiseme hata neno. Una maji ndani?"

"Maji?"

"Mimi naona huna maji. Nenda uchote."

Betty alimtazama. Akamtazama Scovia aliyesimama uani na karatasi yake kwapani. Kisha akaingia, akatoka na dumu la njano, akashika njia ya kisimani bila kugeuka. Mlango aliuacha wazi.

Scovia aliingia. Ukuta ulikuwa mweusi, na mahali pa karatasi palikuwa peupe, na alama za kijiko alichokwangulia zilionekana bado. Ukingo kwa ukingo.

Walipotoka, mlango wa tatu ulikuwa wazi na mwenyewe yuko njiani na ndoo. Wa nne pia. Mwanamke mmoja alimwaga maji safi mbele ya mlango wake, mbele ya macho yao, akainua dumu tupu akamfuata Betty. Jioni ile upande mzima wa Oli uliishiwa maji kwa pamoja. Kisimani wakasimama mstari mrefu, hawaongei, na nyuma yao milango iko wazi na afisa anatoka nyumba hii anaingia hii, na karatasi mkononi, akipanda vitanda vya watu.

Mlango wa Isa ulikuwa umefungwa. Isa mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini. Scovia alipofika, Isa aliondoka akaenda kukaa kwa jirani, akaacha ufunguo juu ya kizingiti.

*

Lado alipasuliwa wiki ile ile, na karatasi za hospitali zilikwenda kwa Candia zikiwa na muhuri. Mkono ulibaki, na kidole gumba, na viwili vya mwisho. Vinashika kikombe, jembe bado. Habari ya fidia imo ofisini, inatembea kama zinavyotembea habari za namna hiyo, na Kiden huenda kuuliza, na huambiwa arudi, na hurudi.

Kinu kinasaga. Kifuniko kiko, karatasi iko mlangoni, safari hii nyuma ya kioo. Mzee Candia huwaonyesha wageni. Betty alifika kazini asubuhi baada ya jioni ile ya maji, akakuta ungo wake umewekwa nje ya lango, umeinamishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba amefukuzwa, na hakuna karatasi ya ungo ulioinamishwa.

Desemba ilipofika alikuja kumsaidia Kiden kusiliba, kwa kuwa alikuwa na nafasi. Walianza na ukuta wa mlango, wakazunguka, mikono imejaa udongo mpaka viwiko, Elena akisimamia kwa kidole. Moshi wa mwaka ukafunikwa. Walipofika juu ya kitanda, Betty alichota udongo mwingi, akainua mkono.

"Hapo acha," Kiden alisema.

"Patakuwa na kiraka."

"Acha. Habari bado iko ofisini."

Betty alishusha mkono. Wakasiliba pembeni mwa pahali pale kwa vidole, polepole, wakifuata pembe zote nne, wasiingie ndani.